Mwana wa Bizimana

Walipofika Murusagamba walikuta maiti moja, na ya pili ilikuwa njiani.

Ya kwanza ilikuwa ya mzee Bizimana, imelala chini ya migomba yake mwenyewe, imefunikwa khanga. Ya pili ilikuwa bado inapiga kelele. Venance, jirani wa marehemu, alikuwa amefungwa kamba kwenye mparachichi, sikio limechanika, damu imemjaa mdomoni, na vijana wanagombea nani ampige fimbo inayofuata. Mmoja wao alishika dumu la petroli. Watu wa kitongoji kile ni wapole, wanasali jumuiya kila wiki na kuazimana chumvi bila kuhesabiana, lakini mtu akishaitwa muuaji, upole wote huenda likizo.

Inspekta Scolastica hakupiga hodi. Alichukua bunduki mkononi mwa Sajenti Shibuda, akafyatua risasi moja juu. Kuku wakatawanyika, na watu pia.

"Nani amemwona akiua?" akauliza.

Fimbo zikashushwa moja moja.

"Nimeuliza. Nani amemwona?"

"Walikuwa wanagombana mpaka wa shamba, afande," alisema mwenye dumu. "Tangu sisi wadogo. Nani mwingine angemuua mzee?"

"Sijakuuliza nani mwingine. Na hilo dumu liweke chini kabla sijakufungulia kesi yako mwenyewe."

Dumu likawekwa chini. Scolastica hakuamuru Venance afunguliwe, bado. Alikuwa mzaliwa wa Biharamulo, Msubi, mwanamke mrefu mwenye hasira za karibu, na katika upelelezi wote aliowahi kufanya hakuna kitu kilichomuudhi kama watu kumpa mkosaji kabla hajaomba. Alikuwa amekuja Ngara kwa shughuli nyingine kabisa, ya madereva wa malori waliokuwa wakiuawa kwenye barabara ya Lusahunga. Mkuu wa polisi wa wilaya akamwona, akamwambia: upo karibu, pitia Murusagamba. Karibu! Kwa barabara ile, hata jirani yako yuko mbali.

Aliinua khanga. Shingo ilikuwa imekatwa kwa panga, pigo moja, la mtu aliyezoea. Hilo hakulitazama sana. Alitazama mkono wa kushoto. Vidole vyote vilikuwa vimevunjwa, kimoja kimoja, vimegeuzwa nyuma kama majani yaliyonyauka.

"Shibuda, mtu anayegombea mpaka anauaje?"

"Anakuvizia shambani, anakata, anakimbia."

"Na huyu?"

Shibuda aliinama juu ya ule mkono. "Huyu hawakuwa na haraka naye, afande."

"Vidole huvunjwa kwa swali," alisema Scolastica. "Kila kidole ni swali limeulizwa tena. Tutafute swali lilikuwa nini."

Uani, kwenye udongo uliolainishwa na mvua, kulikuwa na alama za matairi mapana, zimeingia mpaka karibu na mlango na kugeuza hapo hapo. Venance alikuwa na baiskeli tu, tena ya kukopa.

Koleta, mjane wa mzee, alikuwa jikoni kwenye kibanda cha nyuma. Michubuko ya kamba alizofunguliwa asubuhi ilikuwa bado mibichi mikononi mwake, na kati ya wale waliomkimbilia Venance hakuna aliyekuwa amemuuliza neno. Mbele yake palikuwa na sufuria ya ndizi alizozimenya jana jioni, zimekuwa nyeusi, hakuna aliyezitoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana, mama. Naomba unisaidie. Walikuwa wangapi?"

"Watatu. Walikuja jua halijazama bado. Mimi wakanifunga hapa. Yeye wakabaki naye pale nje."

"Uliwatambua?"

"Watu wa mbali. Kiswahili chao cha barabarani, cha haraka haraka."

"Walitaka nini?"

"Walitaka mtoto."

Scolastica alikaa kwenye kigoda, magoti yakagusana na ya mjane. "Mtoto gani, mama?"

"'Mzee, mwanao wa kompyuta yuko wapi?' Ndivyo walivyosema. Akawajibu, sina. Wakasema anafanya kiburi. Ndipo wakaanza mkono."

Sajenti Shibuda alikuwa tayari na kalamu. Alikuwa Msukuma wa kazi, mtiifu na mwenye moyo mzuri, lakini ulimi wake ulitangulia akili kwa hatua kadhaa. "Na huyo mwanao, mama, jina lake nani? Anaishi wapi sasa?"

Koleta alimgeukia.

"Hata wewe," alisema. "Hatukujaliwa mtoto, baba. Mungu hakutupa hata mmoja."

Shibuda alitamani ardhi ipasuke. Lakini Scolastica alikuwa ameshasimama na kutoka nje. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mparachichi, watu wote wakimtazama, akamshika Venance kidevu.

"Marehemu alikuwa na watoto wangapi?"

Venance alitema damu. "Watoto? Yule?" Kisha uso wake ukakunjamana, akaanza kulia mbele ya vijana waliompiga. "Ndicho nilichokuwa nikimtukania, afande. Kila tukigombana. Nilikuwa namwambia, huo mpaka unamtunzia nani wewe mgumba. Mungu anisamehe."

"Mfungueni," alisema Scolastica. Alipaza sauti ili na mwenye dumu asikie vizuri. "Kila mtu hapa anajua mzee hakuwa na mtoto. Mpaka adui yake anajua. Waliomuua walikuja kumtafuta mwanawe, hawakujua. Sasa mwosheni huyu damu na mumwombe radhi, na atakayemgusa nitamvunja mimi mwenyewe."

Alirudi jikoni akiwa amepunguza sauti. Aliliweka jambo mbele ya mjane taratibu. Wauaji walikuwa na jina tu mkononi, hawakuwa na mtu. Walifika kijijini, wakauliza kwa Bizimana, wakaonyeshwa kwa Bizimana. Walikuwa wanamtafuta Fulani Bizimana, na kwa akili ya watu wengi wa nchi hii, jina la pili ni la baba. Hata Shibuda alifikiri hivyo hivyo.

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake," alisema Koleta. "Halitoki kwa baba."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo nakuuliza tofauti na wale walivyouliza. Yuko Bizimana mwingine hapa?"

Mjane aliingiza vidole kwenye majivu ya jiko, akayachota, akayaacha yaanguke.

"Mume wangu amenikataza."

"Amekukataza lini?"

"Jana. Walipovunja kidole cha pili alipaza sauti, kwa Kihangaza chetu. Wale wakadhani anasali. Mmoja akacheka, akamwambia, sali vizuri mzee. Hakuwa anasali. Alikuwa anasema na mimi. Koleta, usimtaje yule wa kwa Leonidasi. Wakinimaliza, usimtaje." Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia yote. "Vilibaki vidole vitatu. Nimevisikia vyote. Ningetaja, wangemwacha."

"Wasingemwacha, mama."

"Hujui hilo."

"Najua. Nimewaokota waliotaja." Scolastica alimshika ile mikono yenye majivu. "Yule wa kwa Leonidasi alikuwa nani kwake?"

"Mtoto wa watu tu. Ng'ambo ya bonde. Si ndugu yetu."

"Basi kwa nini mzee..."

"Hukumjua Bizimana," alisema Koleta.

"Mama, wale bado wanatafuta. Nikimfikia kwanza mimi, yatakuwa hayakwenda bure. Wakimfikia wao kwanza, mzee amekufa kwa hasara."

Mjane akamtazama, akampima, akaamua.

"Bonaventura. Hapa tunamwita Bona tu. Yuko Benaco, amepanga nyuma ya duka la vipuri. Mwanangu, kimbia."

Konstebo aliyekuwa akiendesha defenda ya polisi aliendesha kama aliyeiba. Simu ya Bonaventura, kwa namba waliyopewa kijijini, iliita bila kupokelewa, ikaita tena, Scolastica akaanza kuitukana simu yenyewe. Walipofika Benaco jua lilikuwa utosini, malori yamepangana kando ya barabara, wapishi wa chapati wanawagombea madereva. Walizunguka duka la vipuri, wakakuta mlango wa nyuma uko wazi. Shibuda aliingia na bunduki mbele.

Ndani alikaa kijana wa miaka ishirini na kitu, anakula muhogo wa kuchoma mbele ya kompyuta, simu yake ikichajiwa sakafuni, imezimwa sauti.

"Shikamoo, afande," alisema, muhogo mdomoni.

Scolastica alifurahi kumkuta mzima, akakasirika kumkuta anakula. Alimweleza yaliyotokea Murusagamba kwa maneno machache, bila kuyapamba. Kijana alisikiliza mpaka kwenye vidole, akautupa muhogo, akaziba masikio.

"Unafanya kazi gani?" alimuuliza alipotulia.

"Naandika maelezo."

"Maelezo ya nini?"

"Ya zana. Kila tovuti ina jina, na jina lina rekodi zake. Limeandikishwa lini, tovuti inakaa kwenye mashine ipi, barua pepe zake zinapokelewa wapi. Hii zana inasoma rekodi hizo. Ila anayeitumia si mtu, ni wakala wa akili mnemba. Wewe unamwambia wakala wako, nitafutie kampuni ya kusafirisha kahawa, yeye anakwenda kuchungua mwenyewe. Mimi ndiye ninayemwandikia huyo wakala. Ukitaka hiki uliza hivi. Utajibiwa hivi. Rekodi isipokuwepo usibuni, sema haipo."

"Kumbe unaiandikia mashine."

"Ni msomaji mtiifu kupita kiasi, afande. Ukikosea wewe, anakosea yeye mara elfu."

"Na watu watatu wanavunja vidole vya mzee kwa ajili ya hayo?"

Bonaventura alijifuta mdomo. "Ni kwa ajili ya mfano."

Maelezo yoyote yanahitaji mfano, alieleza. Kuna majina yaliyotengwa kwa kazi hiyo, hayana mwenyewe, hayamuudhi mtu. Yeye hakuyatumia. Alikuwa na rafiki, Kwizera, dereva wa Lusahunga, aliyeitwa kazini na kampuni moja mpya ya usafirishaji iliyojiita Tuvuke Pamoja. Milango ya malori yao ilichorwa kwa rangi nzuri, Tangu 2009, na anwani ya tovuti chini yake. Kwizera alimwomba aitazame hiyo kampuni. Akaitazama. Jina la tovuti yao lilikuwa limeandikishwa mwezi uliopita.

"Nilimwambia usiende. Akacheka. Akasema, Bona, malori hayazaliwi kwenye mtandao."

Scolastica hakuuliza mwisho wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa Kwizera kwenye nyasi za msitu wa Biharamulo, mikono imefungwa waya, kichwa kimepondwa kwa jeki ya lori lake mwenyewe. Shehena ya kahawa aliyokuwa amebeba haikuonekana, na lori lilikutwa limechomwa.

"Wewe ukafanya nini?"

"Nilikasirika. Nilichukua jina lao na tarehe yao, nikaviweka kwenye maelezo kuwa mfano. Nikaandika, kampuni ikidai umri mkubwa kuliko rekodi zake, mwonye anayeuliza." Alitazama sakafu. "Mawakala walisoma. Walisoma sana. Sasa mtu yeyote, popote alipo, akiulizia usafiri wa njia ya Rusumo, wakala wake anaanza kwa kumwonya juu ya Tuvuke Pamoja. Hakuna aliyewapa shehena tena. Wakaniandikia, toa hilo jina. Nikawajibu, rekodi ndivyo inavyosema."

"Na wakajua wewe ni wa Murusagamba kwa njia gani?"

"Niliandika chini ya maelezo. Jina langu na kijiji changu. Nilitaka watu wajue na Murusagamba kuna mtu anayeandika vitu hivi."

Kiburi kidogo cha namna hiyo kila mtu anacho, na kwa kawaida hakimuui mtu. Scolastica alimhurumia, lakini hakuwa na nafasi ya kumwambia hivyo.

"Baada ya pale, wamekuandikia tena?"

"Hapana. Leo asubuhi nimepata barua ya kazi tu, ya watu wengine. Shirika la kilimo. Wanataka niwaandikie maelezo ya mfumo wao, wanatuma gari kunichukua twende Lusahunga."

Shibuda na Scolastica walitazamana.

"Ulilitazama jina la hilo shirika kwa zana yako?"

Mganga hajigangi. Kijana alivuta kompyuta, akaandika lile jina. Jibu lilikuja mara moja, naye akalisoma kwa sauti ambayo ilizidi kupungua.

"Limeandikishwa jana usiku." Akasogeza ukurasa. "Barua zake zinapokelewa kwenye mashine ile ile. Ya Tuvuke Pamoja."

"Umewaelekeza hapa?"

"Nimewaambia duka la vipuri, mlango wa nyuma."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Walisema mchana."

Mchana ndio huo. Scolastica alimsukuma kijana chini ya kitanda, akavaa koti la kijana lenye kofia, akakaa kwenye kiti kile kile mgongo ukielekea mlangoni, bunduki ya Shibuda mapajani. Shibuda alisimama nyuma ya mlango. Konstebo alitumwa aifiche defenda nyuma ya lori la saruji na asubiri. Halafu wakabaki wanasikiliza muziki wa dukani na mtu anayebishania bei ya betri.

Gari lilisimama nje. Mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu. Hatua mbili za viatu vya ngozi, na nyingine nzito nyuma yake.

"Hodi. Bonaventura Bizimana?"

"Karibu," alisema Scolastica bila kugeuka.

Ilikuwa sauti ya kike. Mwenye viatu vya ngozi alisita, ila wa nyuma yake hakuwa mtu wa kusita. Panga lilitoka chini ya shati na kushuka. Lingempata Scolastica begani kama Shibuda asingeingiza mkono. Lilimpata Shibuda chini ya kiwiko, likafika mfupani, akalia kama ng'ombe huku akimkumbatia yule mtu kwa mkono mzima, wakaanguka pamoja juu ya meza na kompyuta ikaenda sakafuni. Scolastica alifyatua mara moja. Mwenye panga alishika tumbo lake, akakaa chini polepole, akashangaa damu iliyokuwa inatoka kati ya vidole vyake. Hakuinuka tena.

Mwenye viatu vya ngozi aligeuka kukimbia. Scolastica alimpiga risasi ya paja mlangoni. Nje, dereva wao aliwasha gari na kukanyaga mafuta bila kutazama, akaingia chini ya tela la lori lililoegeshwa. Lile gari lilipasuliwa paa, na yeye hakuwa mtu wa kuhojiwa tena. Wapishi wa chapati walipiga mayowe, madereva wakakimbilia huko.

Shibuda alikaa ukutani, mweupe kwa Msukuma, anauma kola ya shati lake. Bonaventura alitoka chini ya kitanda, akavua mkanda wake, akamfunga mkono juu ya jeraha.

Majeruhi aliyebaki aliitwa Wiston. Kitambulisho kilisema hivyo, na kadi mfukoni ilisema Meneja, Tuvuke Pamoja. Alilala kifudifudi kwenye kizingiti akiomba maji. Scolastica alimpindua kwa mguu. Kisha akaweka soli ya kiatu chake juu ya mkono wa kushoto wa Wiston, kwenye kidole cha mwisho, akasimama hivyo.

Wiston alipiga kelele.

"Sijakanyaga bado," alisema Scolastica.

Alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kuandikwa kwenye taarifa. Alitaka kukanyaga. Alitaka kwa moyo wake wote, kwa ajili ya Kwizera kwenye nyasi na kwa ajili ya sufuria ya ndizi nyeusi. Mwishowe akaondoa mguu.

"Sina swali la kidole," alisema. "Majibu yote ninayo. Nataka kukuonya tu kama sheria inavyotaka, halafu useme unachopenda."

"Sisi tulikwenda kistaarabu," alisema Wiston kwa pumzi fupi. "Tulimsalimia baba yake vizuri. Angesema tu. Mzee mbishi. Mtu gani anakubali kufa kwa ajili ya mtoto asiyempigia hata simu?"

"Hakuwa baba yake."

Wiston alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Bizimana na Bizimana. Unanidanganya mimi?"

"Baba yake anaitwa Leonidasi. Yule mzee hakuwa na mtoto. Hakuwahi kuwa naye."

Kwa mara ya kwanza uso wa Wiston ulikosa cha kufanya. Alimtazama Bonaventura aliyepiga magoti kando ya Shibuda, akamtazama mara ya pili, kama mtu anayetafuta kufanana.

"Sasa alikuwa anamfichia nini?"

Scolastica alimfunga pingu.

Mzee Bizimana alizikwa kesho yake, shambani kwake, kwenye mpaka ule ule uliogombewa. Venance ndiye aliyesema kaburi lichimbwe pale, akachimba yeye mwenyewe na sikio lake lililoshonwa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia mpaka alipoita. Scolastica alikuja na Bonaventura. Alikuwa na barua ya kumpeleka Bukoba akatoe maelezo, gari likisubiri, lakini kijana alisema hawezi kuondoka kabla ya kufika mazishini, na afande akajifanya barabara ni mbaya kwa hiyo wamechelewa.

Watu walimpisha kijana kwa namna isiyopendeza. Habari zilikuwa zimefika. Wengine walimtazama kama mtu aliyekufiwa, wengine kama mtu aliyeua. Leonidasi, baba yake mzazi, alisimama nyuma na kofia mkononi, hajui amsogelee au amwache.

Katekista alimaliza sala, jeneza likashushwa. Akafungua kitabu, akasema kama alivyozoea kusema kwenye kila kaburi:

"Sasa tuanze na watoto wa marehemu, waje waweke udongo."

Alipotambua alichosema, aliishika midomo yake. Upepo ulikuwa unapiga majani ya migomba, na watu wote wakatazama chini kwa aibu ya mtu mwingine.

Koleta ndiye aliyeondoka mahali pake. Alipita kati ya wanawake, akamfikia Bonaventura, akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo usingeitegemea kwa mwili ule.

"Njoo."

"Mama, mimi si..." Bonaventura alirudi nyuma. "Mama, ni kwa ajili yangu. Jina langu ndilo lililoleta wale watu. Siwezi kusimama pale."

"Kwani nani alikuuliza unaweza nini?" alisema Koleta. "Wale walikuja nyumbani kwangu wakasema wewe ni mwanawe. Walisema mara nyingi. Yeye akakulinda kama mwanawe mpaka wakamkata. Sasa unataka azikwe bila mtoto, mbele ya Venance?"

Venance, ukingoni mwa shimo, aliegemea jembe lake na kulia waziwazi.

Bonaventura alimtafuta baba yake kwa macho. Leonidasi alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile yalikuwa machache zaidi.

"Nenda," alisema. "Nenda, mwanangu."

Kijana alikwenda. Alichota udongo kwa mikono miwili, akasimama ukingoni, na udongo ukawa unavuja kati ya vidole vyake kwa kuwa hakuweza kuuachia.

"Usimtupie kimya," alisema Koleta. "Mwite."

"Nimwiteje?"

Koleta alimngoja tu. Watu wote walimngoja, mpaka na afande aliyekuwa amegeukia migomba asionekane uso.

"Baba," alisema Bonaventura, akafungua mikono.